Ziwa Letu Katika Stempu

Huenda wewe, msomaji, hujapata kulamba stempu hata moja maishani mwako. Habari za siku hizi huenda kwa simu, na mtu anayeketi akaandika barua kwa mkono, akaitia katika bahasha na kuipeleka posta, amekuwa adimu. Hata hivyo nakuomba utafute stempu, kama iko katika sanduku la babu au katika albamu ya jirani, uitazame kwa makini kama unavyofundishwa kulitazama shairi. Kipande hicho cha karatasi hakizidi upana wa vidole viwili, lakini kila mstari uliomo umechorwa kwa makusudi, na kila neno limepata idhini ya wakubwa. Mtunzi wa riwaya ana kurasa mia tatu za kujieleza. Mchoraji wa stempu ana nafasi ndogo kuliko kiganja cha mtoto, na ndani yake hana budi kutia picha, jina la nchi na bei. Palipo na nafasi finyu namna hiyo, lililochaguliwa lina uzito, na aliyelichagua hajifichi.

Nataka tuzitazame pamoja stempu chache zilizotolewa kwa ajili ya Kenya na jirani zake, hasa zile zinazohusu Ziwa Victoria na nchi iliyo ukingoni mwake, ambayo zamani iliitwa South Nyanza na leo ni kaunti za Homa Bay na Migori. Sizitazami kwa jicho la mkusanyaji, maana yeye hujali zaidi kama stempu ni chache na kama meno ya pembeni hayakukatika. Swali langu ni jingine. Huyu aliyelichora ziwa alisimama wapi alipokuwa akilitazama? Alikuwa ufuoni pamoja na wavuvi, au alikuwa mbali, akiletewa habari zake?

Kwanza natuone jinsi nchi nyingine zinavyojiandika. Stempu ya kwanza duniani ilitolewa Uingereza mwezi wa Mei 1840, nayo ilikuwa na kichwa cha Malkia Victoria bila jina la nchi. Desturi hiyo Waingereza hawajaiacha. Huona ya kuwa uso wa mfalme wao watosha kuwatambulisha. Watu wa Norwe walishika njia nyingine. Mwaka 1872 walitoa stempu yenye pembe ya tarishi na taji, na mchoro huo, pamoja na mabadiliko madogo madogo, umeendelea kutolewa kwa zaidi ya miaka mia. Lakini jambo linalonivutia mimi kuliko pembe ile ni jina. Lugha yao ina namna mbili rasmi za kuandikwa, na kwa sababu hiyo utaona stempu iliyoandikwa Norge na nyingine iliyoandikwa Noreg. Nchi moja, majina mawili, wala hakuna anayeona haya. Nasi katika Afrika Mashariki tulipata kuwa na adabu inayofanana na hiyo: baada ya uhuru, Kenya, Uganda na Tanzania zilipokuwa bado zikitumia stempu za pamoja, mpangilio wa majina ya nchi hizo tatu ulibadilishwa kutoka stempu hata stempu, ili pasiwe na nchi iliyo ya kwanza siku zote. Jambo dogo, lakini dogo la heshima.

Sasa turudi nyuma kidogo, mpaka 1935. Mwaka huo Kenya, Uganda na Tanganyika zilipata seti mpya yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano na picha saba: korongo wenye taji, jahazi katika Ziwa Victoria, simba, Mlima Kilimanjaro, daraja la reli la Jinja, Mlima Kenya, na Ziwa Naivasha. Mfalme alipokufa, picha zile zile zilitumiwa tena kuanzia 1938 pamoja na kichwa cha George wa Sita. Kwa hiyo watu wazima wengi wa wakati ule walikua wakiziona picha hizo saba, na wengine walijua simba wa stempu kabla ya kumwona simba wa porini.

Jahazi ndilo linalotuhusu. Lilikuwa katika stempu ya senti 5 na ya senti 50, yaani lilipita mikononi mwa maskini na mwa tajiri. Nasema bila kusita ya kuwa ni mchoro mzuri. Tanga limejaa upepo, na hata kwa udogo wake unahisi ya kuwa chombo kinakwenda. Wako watu watakaokuambia uidharau stempu hiyo kwa sababu ya uso wa mfalme uliomo. Usiwasikilize upesi. Uzuri wa kazi hauondolewi na aliyeilipia, nawe ukishindwa kuuona uzuri hutaweza kuuona upungufu pia.

Maana upungufu upo. Wakusanyaji wamegundua kitu cha ajabu katika stempu hiyo: ziko za namna mbili. Katika namna moja kamba iliyo upande wa kushoto haifiki kwenye tanga, inaishia hewani. Katika namna ya pili kamba imeunganishwa na tanga. Kwa mkusanyaji tofauti hiyo ni fedha, kwa kuwa moja ni adimu kuliko mwenzake. Kwa mvuvi wa Homa Bay ni jambo la uhai. Mabaharia wa pwani wana jina kwa kila kamba, hii henza, hii demani, na mtoto wa miaka kumi aliyezaliwa karibu na chombo anajua ya kuwa kamba isiyoshika tanga haina kazi, na nahodha aliyeiamini atalala majini. Aliyechonga kamba ile fupi alikuwa akichora umbo la jahazi. Hakuwa akilifikiria jahazi likifanya kazi. Hapo ndipo unapoona mahali aliposimama.

Tena tazama picha zote saba kwa pamoja. Mlima, mlima, ziwa, ziwa, mnyama, ndege, daraja. Ukimwacha mfalme, hakuna hata moja iliyotungwa kwa ajili ya kumwonyesha mtu. Ni nchi nzuri mno, nayo inamngoja mgeni aje kuitazama. Majahazi ya tanga la pembe tatu yaliingia ziwani kwa mkono wa wafanyi biashara na mafundi waliotoka upande wa pwani, na wenyeji wakaiga tanga hilo, hata Wajaluo wakalipokea pamoja na jina lake la Kiswahili. Hadithi hiyo yote ya kupeana ufundi imo ndani ya jahazi lile, lakini stempu haikuwa na haja nayo.

Kutoka hapo twaruka hadi 30 Julai 1958, siku ilipotolewa stempu ninayoiona kuwa mbaya kuliko zote nitakazozitaja. Zilikuwa mbili, ya senti 40 na ya shilingi 1 na senti 30, za kukumbuka miaka 100 tangu Burton na Speke walipoyafikia maziwa makuu. Picha ni ramani ya Afrika Mashariki yenye maziwa. Sisemi kwamba ni mbaya kwa sababu ya kuwakumbuka wasafiri. Safari yao ilikuwa ya taabu nyingi, na kila mtu aweza kukumbuka wazee wake. Nasema ni mbaya kwa sababu haikuwa kweli vya kutosha. Speke ndiye aliyefika kusini mwa ziwa hili tarehe 3 Agosti 1858, mahali palipo karibu na Mwanza. Burton alikuwa amebaki Kazeh, kwenye Tabora ya leo, akiwa mgonjwa. Ufuo wa kwetu hakuna hata mmoja wao aliyeuona katika safari ile. Na aliyewasaidia kwa ulimi na kwa miguu, Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepata kuwa mtumwa na kuishi Bara Hindi, hakupata nafasi katika ukumbusho huo. Mahali pa watu pamechukuliwa na mistari ya ramani.

Sherehe yenyewe ilikuwa ya "kugundua". Neno hili lina maana ya zamani ambayo siku hizi tumeanza kuisahau: kumgundua mtu ni kumjia ghafula, asipokutazamia. Kwa maana hiyo basi ni kweli, paligunduliwa kitu mwaka 1858. Waligunduliwa wavuvi, waliokuwa wakitega samaki katika maji ambayo Wajaluo huyaita Nam Lolwe na Waganda Nalubaale. Ziwa halikugunduliwa na mtu. Lilikuwa na majina ya kutosha kabla ya kupewa la Malkia.

Uhuru ulipokuja, tarehe 12 Desemba 1963, Kenya ilitoa stempu 14 kwa siku moja. Ukizipanga mezani utadhani unasoma taarifa ya waziri wa fedha. Kuna ufugaji wa ng'ombe, uchongaji wa vinyago, viwanda vizito, mbao, pareto, kahawa, chai, bandari ya Mombasa. Uvuvi umepewa senti 40. Hapa kazi imekuwa fahari ya taifa, nalo ni jambo kubwa baada ya ile milima ya 1935 iliyokuwa haina mwenyewe. Mlima Kenya umo tena, katika stempu ya senti 30, lakini safari hii umeandamana na Jomo Kenyatta. Linganisha stempu hiyo na ile ya zamani: mlima ni ule ule, uso ndio uliobadilika. Mchoraji hakubuni lugha mpya. Alichukua sentensi ya wakoloni akabadilisha mtendaji. Tena liko jambo linalonichekesha kidogo. Katika seti hiyo ya uhuru, utalii umewakilishwa na hoteli ya Treetops huko Aberdare, mahali pale pale alipokuwa Elizabeth usiku wa Februari 1952 baba yake alipofariki naye akawa malkia. Jengo la siku ile liliteketezwa mwaka 1954 wakati wa vita vya Mau Mau. Lililofuata likaingia katika stempu ya Kenya huru, ya shilingi 1 na senti 30. Sijui kama waliochagua walitabasamu.

Yafaa nikuonye hapa juu ya namna moja ya uhakiki iliyo rahisi mno, nayo ni kuhesabu visivyokuwamo. Kwa mfano, Desemba 1977 Kenya ilitoa seti ya madini, stempu 15, kuanzia jasi hata yakuti na rubi. Dhahabu haimo. Mtu wa Migori, ambaye anajua ya kuwa dhahabu imechimbwa Macalder tangu miaka ya 1930 na kwamba hata leo wachimbaji wadogo wanaingia mashimoni huko Nyatike, aweza kuona ametupwa. Lakini itazame seti hiyo vizuri. Imetungwa kwa ajili ya rangi: zambarau ya amethisti, wekundu wa rubi, kijani, buluu. Dhahabu ya Migori hutoka ndani ya jiwe ambalo macho hayaoni kitu mpaka lisagwe. Mchoraji angechora nini? Kutokuwamo si tusi kila mara. Tusi ni kuwamo pasipo kujulikana, kama kamba ile isiyofika.

Na hata pale ambapo mchoraji hakuandika jina la mji wako, kilikuwapo chombo kingine kilicholiandika. Stempu haijamaliza kazi yake mpaka imegongwa muhuri. Karani wa posta ya Homa Bay alipoinua mkono wake na kuushusha, jina la mji na tarehe ya siku vilikaa juu ya kichwa cha mfalme, juu ya simba, juu ya lolote lililochorwa mbali. Migori nayo ina mambo yake: katika anwani za posta mji huo hujulikana kwa jina la Suna, na barua zake huandikwa 40400, kama za Homa Bay zinavyoandikwa 40300. Ukiona stempu kuukuu yenye duara la wino, usisikitike kwamba imechafuka. Duara hilo ndilo lililoandikwa na mtu wa mahali.

Mwezi wa Januari 1969 ziwa lilirudi katika stempu, katika seti ya vyombo vya majini. Humo imo meli Umoja, iliyovusha mabehewa ya reli kutoka bandari hata bandari, na meli Victoria. Ni picha safi, wala sina mengi ya kusema juu yake. Ziwa limekuwa barabara.

Stempu ninayotaka ukae nayo kwa muda mrefu ilitangulia hiyo kwa miaka miwili. Mwezi wa Mei 1967 zilitolewa stempu nne za mambo ya kale ya Afrika Mashariki: mchoro wa mwambani, kichwa cha udongo, mtungi wa udongo, na katika ile ya shilingi 1 na senti 30, fuvu la kiumbe aliyeitwa Proconsul. Fuvu hilo linatoka Rusinga, kisiwa cha Homa Bay. Mwaka 1948 Mary Leakey aliliona likiwa vipande vipande ardhini, akayaunganisha mabaki ya nyani mkubwa aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Halikuwa limepatikana bado fuvu lililokamilika kiasi hicho la kiumbe wa namna yake, na habari zake zikaenea duniani.

Itazame picha hiyo na kuipima. Hakuna mandhari, hakuna jua linalotua, hakuna mvuvi aliyewekwa pembeni kuwapendeza wageni. Ni mfupa tu, na matundu ya macho. Baada ya simba na milima yote tuliyokwisha kuiona, mfupa huo una unyofu unaonifurahisha. Haukuombi uupende. Lakini jambo moja halionekani katika picha, nalo ndilo linaloipa uchungu wake. Fuvu lenyewe lilipelekwa Uingereza mwaka ule ule wa 1948 ili lichunguzwe, likakaa huko miaka mingi; katika miaka ya 1980 ndipo liliporudishwa Kenya. Maana yake ni kwamba mwaka 1967, barua yenye stempu hiyo ilipofika Rusinga, picha ilikuwa imerudi nyumbani na mwenye picha yuko ugenini. Januari 1982 Kenya, ikitoa stempu zake yenyewe, ilichora mafuvu manne ya asili ya binadamu, na huyu wa Rusinga akapewa stempu ya shilingi 5.

Sasa soma maandishi. Proconsul ni jina gani? Mtaalamu aliyelitunga mwaka 1933, kwa mifupa ya kwanza iliyotoka Koru, alimfikiria Consul, sokwe wa maonyesho aliyevishwa nguo na kuwachekesha watu Uingereza. "Pro" ni neno la Kilatini lenye maana ya kutangulia. Hivyo kiumbe wa miaka milioni 18, aliyelala katika udongo wa Nyanza, aliitwa kwa jina la utani la sokwe wa mchezo, naye akaingia na jina hilo katika stempu ya Afrika huru. Hakuna wa kulaumiwa katika posta, maana ndilo lililokuwa jina lake la kitaalamu. Tena posta yajali majina ya namna hiyo. Katika seti ya makombe ya baharini ya 1971 palikuwa na stempu iliyoandikwa Nautilus pompileus. Mwaka 1974 ikachapwa upya, pompilius, kwa ajili ya herufi moja ya Kilatini.

Wataalamu wenyewe ndio waliorudi kwenye fuvu. Mwaka 1993 walilipa jina la heseloni, kwa heshima ya Heselon Mukiri, Mkenya aliyechimba pamoja na akina Leakey kwa miaka mingi. Na mwaka 2015 waliliondoa katika ukoo wa Proconsul wakaliweka katika ukoo mpya, Ekembo. Neno hilo ni la Kisuba, lugha ya wenyeji wa Rusinga na Mfangano, ambayo wasemaji wake wamepungua sana kwa kuwa Wasuba wengi sasa wanasema Kijaluo. Stempu za 1967 na 1982 haziwezi kusahihishwa kama kombe la bahari, zimekwisha kwenda. Lakini mchoraji atakayelichora fuvu hilo tena hana budi kuandika Ekembo, na lugha iliyo hatarini itasafiri kwa bei ya stempu moja mpaka mahali ambapo haijapata kusikika.

Tukitoka Rusinga tukavuka na kushika njia ya kusini, twafika katika kaunti ya Migori, na huko kuna Thimlich Ohinga, boma la mawe lililoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Linadhaniwa kujengwa katika karne ya 16. Nakupa wewe kalamu na karatasi ya upana wa vidole viwili. Utachora nini? Kuta zake zimepangwa bila saruji wala udongo, jiwe likishikwa na jiwe, nazo hufikia mita 4.2 kwa kwenda juu. Lakini ukuta uliochorwa peke yake katika nafasi ndogo hivyo utaonekana kama rundo la kokoto. Ukiuchora kutoka angani, kama ndege, utapata duara zuri lisilo na urefu. Jina lenyewe ni la Kijaluo, lenye habari ya msitu mnene wa kutisha na boma lake. Usilifupishe, wala usilitafsiri, hata kama litakula nafasi ya bei. Na malango yake ni mafupi, yana mawe yaliyolazwa juu yake, hata anayeingia hulazimika kujikunja. Mweke basi mtu mmoja pale langoni, ameinama, mkono wake mmoja ukiwa juu ya jiwe.